Ukipima biti (0 au 1 moja ndani ya namba) kwenye lugha ya programu ya C, tia mabano
Jana usiku hapa Wete pampu ilikataa kuzima, tangi linafurika mpaka uani. Kosa lilikuwa kwenye programu inayoiendesha, ambamo hali ni namba yenye biti, na 4 ni biti ya tangi kujaa: if (hali & 4 == 4). C hufanya == kabla ya &, basi 4 == 4 inakuwa 1, na unachopima ni biti ya mwanzo, si ile ya tangi kujaa. Andika if ((hali & 4) != 0). Mpangilio huu ni urithi wa zamani, & ilipokuwa ikifanya na kazi ya “na” ya kimantiki, yaani &&. Ukitaka biti mbili zote ziwe zimewaka, mfano 6 (yaani 4 na 2), != 0 itakudanganya: hata moja inatosha kuipitisha. Hapo tumia == 6, mabano yabaki palepale. gcc, programu ya kutafsiri C, ukiipa chaguo la maonyo -Wall hukuonya. Mie uvivu tu.