Kujenga mkono wa kurusha kwa watoto wa besiboli: mpango wa wiki nane

Mtoto aliyekua akicheza rede (Kenya wanaiita kati), au aliyezoea kuangua maembe kwa mawe, akija uwanjani siku ya kwanza hurusha mpira vizuri tu. Shabaha anayo. Anachokosa ni mkono unaoweza kurudia mrusho wa nguvu mara hamsini bila kiwiko kuuma, na mkono huo haupatikani kwa kumwambia arushe zaidi. Nguvu ya mrusho huanzia miguuni, hupanda nyongani na kiunoni, hufika kwenye kombe la bega, yaani ule mfupa bapa wa mgongoni, ndipo huingia mkononi. Mkono ni ncha ya mjeledi. Tukiuimarisha peke yake tunaubebesha kazi ya mwili mzima.

Mpango huu ni wa watoto wa miaka 9 hadi 14, siku tatu kwa wiki zilizoachana: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Uanze wiki nane kabla ya mashindano. Ukibakiwa na wiki mbili tu, fanya ya wiki mbili za kwanza na usiruke hatua.

Vifaa

Mpira wa kawaida wa besiboli una gramu 142 hadi 149 na mzunguko wa sentimita 23 hivi. Kama mipira ni michache, wale wa miaka 9 wajifunzie mtindo kwa mpira wa tenisi. Tafuta tyubu kuukuu ya baiskeli, uipasue kwa urefu upate utepe wa upana wa sentimita 3. Ioshe, ikaushe, na kila siku kabla ya zoezi ivute uangalie nyufa, kwa sababu tyubu iliyopasuka huchapa usoni. Ongeza chupa mbili za maji za nusu lita (zikijaa, kila moja ni nusu kilo), kanga au taulo, ndoo ya mchanga mkavu, kamba yenye fundo kila baada ya mita 3, na daftari. Daftari si hiari.

Hatua ya 1: Mkague mtoto kabla hajashika mpira

Muulize kama kiwiko au bega linauma, kisha usiishie kwenye jibu lake, maana anayetaka kucheza atasema haliumi. Bonyeza taratibu ile nundu ya mfupa iliyo upande wa ndani wa kiwiko, mkono wa kurushia kwanza, halafu ule mwingine. Akishtuka, hafanyi mpango huu mpaka aonwe na daktari. Kwa mtoto anayekua, nundu hiyo imeshikwa na gegedu, ambayo ni laini kuliko mfupa na kuliko kano zinazoivuta. Mtu mzima akizidisha kurusha huumia kano. Mtoto huumia pale mfupa unapokulia. Hali kama hiyo hutokea pia juu ya mfupa wa mkono, karibu na bega.

Kisha asimame kwa mguu mmoja sekunde 30, halafu akunje goti kidogo mara tatu kwa kila mguu. Goti likiangukia ndani, andika. Huyo ataanza na mazoezi ya miguu wiki nzima kabla ya kurusha kwa nguvu.

Hatua ya 2: Apashe mwili ndipo arushe

Kosa la kila uwanja ni kupasha mkono kwa kurusha. Akimbie polepole dakika 5 mpaka jasho lianze kutoka, kisha kuruka kwa kupandisha magoti, kuzungusha mikono mizunguko midogo halafu mikubwa, kugeuza kiuno, na mivuto 10 myepesi ya tyubu. Dakika 10 zinatosha. Kunyoosha bega kwa kulivuta na kulishikilia muda mrefu kuache hadi baada ya mazoezi.

Hatua ya 3: Mtindo

Hapa tumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Nguvu ikiongezwa juu ya mtindo mbovu, jeraha huja mapema zaidi.

Anza na mshiko. Geuza mpira mpaka mshono ufanye umbo la kwato ya farasi, weka vidole viwili juu vikikatiza mshono, gumba chini katikati yao. Kati ya mpira na kiganja paonekane mwanga. Mtoto mwenye mkono mdogo atumie vidole vitatu. Usimlazimishe viwili, atabana mpira na kifundo chote cha mkono kitakaza.

Asimame ubavu ukielekea shabaha, bega la mbele likiielekeza. Apige hatua ya mbele moja kwa moja kwenye mstari. Sasa mtazame ukiwa ubavuni mwake na usitazame mpira unakokwenda. Unyayo wa mbele unapogusa chini, kiwiko kiwe usawa wa mabega na mpira uwe juu. Nyonga zigeuke kwanza, kifua kifuate, bega, kiwiko, na mwisho vidole. Mpira ukishatoka, mkono uendelee kushuka mpaka upite nje ya goti la mbele.

Makosa matatu hujirudia. La kwanza ni kiwiko kushuka chini ya bega, mtoto akasukuma mpira kama anayetupa tufe. Mara nyingi chanzo ni uchovu au mpira mzito kwake. La pili ni kifua kufunguka kabla unyayo haujatua: mkono hubaki nyuma ukivutwa, na mvuto huo wote unaangukia upande wa ndani wa kiwiko. Mpe kazi ya kuelekeza glovu kwenye shabaha mpaka unyayo uguse chini, kisha aivute kifuani. La tatu ni kusimamisha mkono ghafla baada ya kuachia mpira. Misuli ya nyuma ya bega ndiyo breki, na ukiikatia njia inabeba mshtuko wote kwa pigo moja.

Mirusho 15 ya mita 6, goti la nyuma likiwa chini, kila siku ya mazoezi kwa wiki mbili za kwanza, hufundisha sehemu ya juu ya mwili bila kelele za miguu.

Hatua ya 4: Ratiba ya kurusha

Kila mrusho unahesabiwa, hata ule wa kupasha.

- Wiki 1 na 2: mita 9 hadi 12, mirusho 30, nusu ya nguvu.
- Wiki 3 na 4: mita 15 hadi 18, mirusho 40. Mita 18.3 ndiyo umbali kati ya besi na besi (vituo vya mkimbiaji) kwenye uwanja wa Little League, ligi ya besiboli ya watoto iliyoanzia Marekani.
- Wiki 5 na 6: hadi mita 24, mirusho 50, lakini 10 tu ndiyo ya umbali wa mwisho.
- Wiki 7 na 8: hadi mita 30 kwa walio chini ya miaka 13, mita 36 kwa wakubwa wao, mirusho 60. Malizia kwa kurudi mita 15 na mirusho 10 iliyonyooka.

Anayerusha asogee nyuma fundo moja la kamba kila baada ya mirusho mitano, kisha arudi hivyo hivyo. Kipimo cha kusogea ni mtindo. Mpira ukidunda kabla ya kufika, au mtoto akianza kuegemea nyuma ili aurushe juu angani, arudi mbele mita 3 na abaki hapo siku hiyo. Wawili wanaorushiana si lazima walingane umbali; mwenye mkono mdogo arushe kwa mwenzake wa karibu.

Mipira iliyoongezwa uzito iachwe kabisa katika umri huu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 uliwafuatilia warushaji wa miaka 13 hadi 18 kwa wiki sita: kasi ya waliotumia mipira hiyo iliongezeka kwa asilimia 3 hivi, na karibu robo yao waliumia. Kasi hiyo haifai bei yake. Mawe nayo ni yale yale, tena hayana uzito mmoja. Mpira wa kupinda usubiri mpaka mtoto awe na mpira wa kasi na ule wa polepole anaoutawala.

Hatua ya 5: Mazoezi ya nguvu, baada ya kurusha

Yakitangulia, mtoto atarusha akiwa na bega lililochoka.

Zoezi kuu ni la tyubu. Ifunge kwenye nguzo ya goli usawa wa kiwiko. Mtoto asimame ubavu, mkono wa kurushia ukiwa mbali na nguzo, kiwiko kimekunjwa kama pembe ya meza. Kunja kanga uibane kati ya kiwiko na mbavu. Avute kiganja kwenda nje akihesabu mbili, akirudishe akihesabu tatu. Seti 2 za mara 12. Kanga ikianguka, kiwiko kimetoka mahali pake. Bega likipanda kuelekea sikio, tyubu ni nene mno: punguza upana au msogeze karibu na nguzo. Afanye na mkono wa pili pia.

Kisha avute tyubu kwa mikono miwili kuelekea tumboni akibananisha makombe ya mabega, seti 2 za mara 12. Alale kifudifudi, anyanyue mikono kwa umbo la Y halafu T, mara 8 kila moja. Chupa za nusu lita zije wiki ya tatu. Pushapu 8, na kila anapofika juu asukume tena kidogo mgongo upande. Skwati 15, hatua ndefu za kukunja goti 8 kila mguu, planki sekunde 20 ikipanda taratibu hadi 40. Mwisho azamishe mkono kwenye ndoo ya mchanga, afungue na kufumba vidole sekunde 30. Dakika 25 zote zimekwisha.

Hatua ya 6: Hesabu mirusho ya mechi

Timu ya Lugazi ya Uganda ilipofika Williamsport, Marekani, mwaka 2012, ikiwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza michuano ya dunia ya Little League, ilicheza chini ya ukomo huu. Wa kwetu wauzoee nyumbani. Kwa siku moja, mrushaji (yule anayemrushia mpigaji) wa miaka 7 na 8 asizidi mirusho 50. Miaka 9 na 10, 75. Miaka 11 na 12, 85. Miaka 13 hadi 16, 95. Mapumziko kwa walio na miaka 14 au chini: mirusho 21 hadi 35, siku moja, 36 hadi 50, siku mbili, 51 hadi 65, siku tatu, 66 na zaidi, siku nne. Aliyerusha 41 au zaidi asiwekwe kuwa mdakaji, yule wa nyuma ya mpigaji, siku hiyo, kwa sababu mdakaji naye hurusha karibu kila mpira.

Ukomo huo si ruhusa ya kuufikia. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 uliolinganisha warushaji vijana waliofanyiwa upasuaji na wasioumia ulikuta kwamba hatari kubwa kuliko zote ni kurusha mara kwa mara mkono ukiwa umechoka: mara 36 zaidi. Hivyo tazama dalili. Mipira inaanza kupita juu ya shabaha, kiwiko kinashuka, mtoto anakung'uta mkono au anachelewa kati ya mrusho na mrusho. Mtoe hata kama amerusha 30 tu.

Kwa mwaka, awe na miezi minne bila kurusha mashindanoni, miwili au mitatu kati yake ikifuatana. Acheze mpira wa miguu, aogelee, akimbie.

Akiumwa

Uchovu wa misuli nyuma ya bega kesho yake ni kawaida na huisha ndani ya siku mbili. Maumivu ya ndani ya kiwiko, ya juu ya mkono karibu na bega, au kiwiko kisichonyooka chote, si kawaida hata kidogo: simamisha kurusha siku hiyo hiyo na umpeleke hospitali. Usimpe dawa ya maumivu ili amalize mechi, maana unazima kengele pekee aliyonayo. Daktari akimruhusu kurudi, anaanza na mita 9, mirusho 30, nusu ya nguvu, kama mgeni.