Kabla ya Kununua Maikrofoni Mpya: Jinsi ya Kuamua Kifaa cha Kuboresha Katika Studio ya Nyumbani

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia kijana mmoja wa Tandika, Dar es Salaam, anayerekodi qaswida na matangazo ya biashara katika chumba chake cha kupanga. Alikuwa amejiwekea akiba ya maikrofoni ya bei kubwa kwa sababu wateja wake walikuwa wakilalamika kwamba kazi zake zina kelele. Maikrofoni aliyokuwa nayo haikuwa na tatizo lolote. Kelele ilitoka kwenye umeme na kwenye feni, na akiba yote ile ingeishia kwenye kifaa ambacho kingeinasa kelele ileile kwa ufasaha zaidi. Kanuni ninayoifuata ni kwamba sinunui kifaa mpaka nimeisikia, kwenye rekodi yenyewe, kasoro ambayo kifaa hicho kitaiondoa.

Nachukulia kwamba tayari unayo kompyuta, kadi ya sauti ya nje (kisanduku kinachounganisha maikrofoni na kompyuta), maikrofoni, hedifoni na pengine spika mbili, na kwamba kurekodi unajua.

Hatua ya 1: Andika kasoro, usiandike kifaa

Chukua kazi zako tatu au nne za karibuni, uzisikilize kwenye simu, kwenye gari na kwenye spika ya mtu mwingine, kisha uandike unachokisikia kwa maneno ya kawaida: sauti ina mwangwi wa chumba, besi inapotea nikitoka nje ya studio, kuna mvumo nyuma ya mwimbaji, herufi s inachoma masikio. Maneno kama "nahitaji kadi mpya" hayaruhusiwi kwenye karatasi hii.

Hatua ya 2: Rekodi ukimya

Hii ndiyo hatua inayookoa fedha nyingi kuliko zote, na ndiyo inayokula muda ukiifanya ovyo, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Weka maikrofoni mahali pake pa kila siku, weka geini (kitufe cha kadi kinachokuza sauti ya maikrofoni) katika kiwango unachokitumia mwimbaji anapoimba, kisha rekodi sekunde 30 bila mtu yeyote kusema neno. Usiiguse geini tena mpaka hatua hii iishe, kwa sababu ukiisogeza hata kidogo ulinganisho wote unapoteza maana. Baada ya hapo rekodi vipande vingine vya urefu huohuo, na katika kila kimoja ubadilishe jambo moja tu: kwanza uzime feni, kisha uzime jokofu, hata kama liko chumba cha pili, kisha uchomoe chaja ili kompyuta itumie betri, kisha uzime spika na kutoa plagi zake ukutani, mwisho uzime taa, hasa zile zenye kitufe cha kupunguza mwanga. Kipe kila kipande jina linaloeleweka, kisha usome kwenye mita ya programu kelele imeshuka kwa desibeli ngapi.

Kilichoishusha kelele ndicho chanzo chake. Kwa kijana wa Tandika, feni ilikuwa na sehemu yake, lakini kushuka kukubwa kulitokea chaja ilipochomolewa. Nilipoirudisha na kumwambia aweke kidole kwenye ganda la nje la chuma la kadi ya sauti, ule mlio wa nyuki ulipungua papo hapo, na alipoondoa kidole ukarudi. Dalili hiyo ni ya kukumbukwa: mlio unaopungua unapogusa chuma huelekeza kwenye waya wa athi (waya wa usalama unaoingia ardhini) ambao haupo au haufanyi kazi. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi za matundu matatu ambazo tundu la tatu halijaunganishwa na kitu chochote.

Sauti yenyewe nayo inatoa habari. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50 (mitikisiko 50 kwa sekunde), kwa hiyo mvumo mzito ulio kwenye hezi 50 mara nyingi ni wa mzunguko wa athi, yaani vifaa viwili vilivyounganishwa kwa kebo ya sauti huku kila kimoja kikipata athi yake kupitia soketi tofauti. Mlio mkali unaoanzia hezi 100 na kupanda juu kwa ngazi kwa kawaida hutoka kwenye chaja, taa za kupunguza mwanga au kidhibiti cha mwendo wa feni. Huhitaji kukisia kwa sikio, kwani programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, itakuchorea masafa ya kipande chako na kukuonyesha kilele kilipo.

Sasa tahadhari. Ya kwanza ni kwamba wengi hutaka kujua kama kelele inatoka kwenye maikrofoni au kwenye kadi, wakachomoa maikrofoni na kusikiliza. Jibu wanalolipata haliaminiki, kwa sababu tundu lililo wazi halitendi kama tundu lenye maikrofoni na linaweza kuleta kelele zaidi au kidogo kuliko hali halisi. Njia bora ni kuchomeka maikrofoni ya dainamiki (isiyohitaji umeme kutoka kwenye kadi), kama vile Shure SM58, uiviringishe kwa blanketi na kuiweka kabatini mbali na chaja na spika, kisha urekodi kwa geini ileile. Mlio ukibaki vilevile, usilaumu maikrofoni yako. Tafuta kwenye kebo, kadi au umeme. Ya pili, kabla ya kuchomoa maikrofoni ya kondensa (inayohitaji umeme kutoka kwenye kadi) zima kwanza zile volti 48 zinazoilisha, shusha sauti ya hedifoni na spika, na usubiri kidogo. Ya tatu, weka simu mbali kabisa, maana ule mlio wa trrr-trrr wa simu inayotafuta mtandao huharibu kipimo chote. Ya nne, kama unatumia UPS ya bei nafuu, rudia jaribio ukiwa umechomeka ukutani moja kwa moja, kwa kuwa nyingi kati ya hizo, zinapofanya kazi kwa betri, hutoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini, nalo husikika kwenye rekodi.

Dawa zake ni rahisi kuliko maikrofoni. Weka vifaa vyote vya studio kwenye ekstensheni moja nzuri inayotoka soketi moja. Tumia kebo za TRS au XLR, zenye nyaya mbili za sauti ndani, kati ya kadi na spika, si zile za waya mmoja. Tenganisha kebo za sauti na za umeme, na zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba. Mzunguko wa athi usipokatika kwa hayo, boksi la DI lenye transfoma (kisanduku kinachopitisha sauti bila kuunganisha athi za vifaa viwili) kati ya kadi na spika huukata. Kuhusu athi ya nyumba, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, azungumze na mwenye nyumba. Kuna watu watakaokushauri ukate ule mguu wa tatu wa plagi, na ni kweli mlio unaweza kuondoka, lakini mguu huo ndio unaomlinda mwimbaji anayegusisha midomo yake kwenye chuma. Mtu anayetoa ushauri huo usimruhusu kugusa kitu chochote ndani ya studio yako.

Mvua kwenye bati haina kifaa. Subiri ikatike.

Hatua ya 3: Piga kofi, kisha pima chumba

Simama pale mwimbaji anaposimama na upige kofi moja. Ukisikia mlio mfupi wa kama kengele baada ya kofi, mwangwi wa kuta ndio unaoingia kwenye rekodi zako. Trei za mayai hazisaidii. Sponji nyembamba za sentimita 2 au 3 zinameza sauti za juu peke yake na kuiacha besi ikivuma kama kawaida, matokeo yake chumba kinakuwa kizito na bado kibovu. Ninachokipendelea ni magodoro mawili mazito yaliyosimamishwa kwa pembe nyuma na pembeni mwa mwimbaji, kwa sababu maikrofoni nyingi husikiliza mbele, na mbele yake, nyuma ya mwimbaji, ndiko mwangwi unakotokea. Wengi hujenga ngao nyuma ya maikrofoni, mahali ambapo haisikilizi sana.

Kuhusu besi, fanya hesabu kidogo. Sauti husafiri karibu mita 346 kwa sekunde katika joto la nyuzi 25. Gawanya namba hiyo kwa urefu wa chumba uliozidishwa mara mbili, na utapata wimbi la kwanza linalosimama kati ya kuta mbili. Chumba cha mita 3 kinakupa karibu hezi 58, yaani palepale ambapo ngoma na besi za biti zetu zinakaa. Na chumba kikiwa cha mita 3 kwa 3, pande zote mbili zinavuma kwa wimbi hilohilo. Ukikaa katikati ya chumba, besi hiyo inatoweka masikioni mwako, nawe unaiongeza kwenye miksi, na ikifika kwenye gari inatikisa vioo. Spika kubwa zaidi hazitatibu hilo. Sogeza kiti kuelekea ukuta wa mbele mpaka umbali wa karibu asilimia 38 ya urefu wa chumba, usikilize tena wimbo unaoujua vizuri, na usogee mbele au nyuma kidogo kidogo.

Hatua ya 4: Hedifoni kabla ya spika

Kwa chumba cha kupanga, fedha ya kwanza ya kusikilizia iende kwenye hedifoni, kwa kuwa hedifoni haijui chumba chako kina ukubwa gani na jirani hagongi ukuta. Sony MDR-7506 na Beyerdynamic DT 770 Pro ni chaguo zisizozeeka. Ukichukua hiyo ya pili, chagua ya ohmu 80, kwani ya ohmu 250 inahitaji nguvu ambayo kadi ndogo nyingi zinaitoa kwa shida. Spika zije baada ya magodoro.

Hatua ya 5: Je, ni zamu ya maikrofoni?

Hapa namba zinasema vizuri. Kila maikrofoni ya kondensa ina kelele yake ya ndani, ambayo mtengenezaji huiandika. Ya Audio-Technica AT2020 ni desibeli 20. Ya Rode NT1-A ni desibeli 5, tofauti inayoonekana kubwa sana kwenye tangazo. Chukulia kwamba chumba chako, usiku, feni ikiwa imezimwa, kina desibeli 30, ambacho tayari ni chumba tulivu. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi: 30 na 20 kwa pamoja ni 30.4, na 30 na 5 kwa pamoja ni 30.0 na ushei usiosikika. Kwa upande wa kelele, badiliko lote hilo limekupa sehemu 4 za kumi za desibeli. Ukimsogeza mwimbaji kutoka sentimita 30 hadi 15, sauti yake inapanda kwa karibu desibeli 6 juu ya kelele ya chumba bila senti kutoka mfukoni. Utahitaji kichujio cha pumzi, na utapunguza kidogo besi inayoongezeka kwa ukaribu huo.

Sababu halali ya kubadilisha maikrofoni ni tabia ya sauti: mwimbaji ana s kali na maikrofoni yako inaziongezea ukali, au chumba kimeshindikana na unataka dainamiki inayosikiliza karibu. Ukienda upande wa dainamiki, soma hesabu ya geini kabla ya kulipa. Shure SM7B, ambayo kila mtu ameiona kwenye video, inahitaji geini ya karibu desibeli 60, na kadi nyingi ndogo zinaishia chini ya hapo au zinafika zikiwa zimeanza kutoa sauti ya shii. Maana yake ni kwamba ununuzi mmoja umegeuka kuwa miwili. SM58 hutoa sauti yenye nguvu kuliko SM7B kwa desibeli 4 na nusu hivi, na kwa qaswida na sauti ya matangazo sijaona aibu kuitumia.

Hatua ya 6: Kadi na kompyuta

Kadi ibadilishwe ikiwa Hatua ya 2 imeitaja, au matundu hayatoshi, au draiva yake (programu inayoiwezesha kufanya kazi na kompyuta) imeachwa na mtengenezaji. Vinginevyo iache. Sauti ikichelewa kwenye hedifoni, shusha bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukichakata) hadi sampuli 128 unaporekodi na uipandishe hadi 1024 unapomiksi. Kompyuta ikikwama, weka SSD na ongeza RAM kabla ya kuwaza kompyuta nyingine. Programu ya kurekodia usiibadilishe ili upate sauti nzuri zaidi, kwa kuwa huwezi kuipata huko. Mimi natumia Reaper kwa sababu ni nyepesi.

Hatua ya 7: Azima, linganisha, kisha ulipe

Kifaa kilichobaki kwenye orodha kiazime au kikodi kwa siku moja. Rekodi mwimbaji yuleyule, ubeti uleule, umbali uleule, kwa kifaa cha zamani na kipya, kisha usawazishe viwango vya sauti vya vipande hivyo viwili kabla ya kusikiliza, kwa sababu kilicho juu kwa desibeli moja tu sikio hukiona kizuri zaidi. Mwombe mtu mwingine avicheze bila kukwambia kipi ni kipi. Ukishindwa kuvitofautisha, rudisha kifaa na ubaki na fedha yako.

Ukiamua kununua, nunua kimoja, kitumie kwa kazi kadhaa, na urudie Hatua ya 2 kabla ya kugusa cha pili. Ukienda Kariakoo kutafuta SM58, fahamu kwamba ni miongoni mwa maikrofoni zinazoigwa sana duniani. Nenda na mzani mdogo wa jikoni: maikrofoni halisi ina gramu 298, na ukipewa nyepesi kuliko hiyo kwa kiasi cha kuonekana, mshukuru muuzaji na uende duka linalofuata.