Unataka kazi ya polisi, upelelezi, maabara au mahakamani? Kozi iweke pembeni kwanza

Wengi wanaanza kwa kuuliza chuo gani kizuri. Mi nasema anza na kazi yenyewe, maana humu kuna kazi ambazo hata hazisomewi darasa moja. Polisi na magereza mara nyingi wanakuajiri kwanza alafu wanakupeleka depo (mafunzo ya awali) wenyewe, kwahiyo kinachokubeba pale ni umri, afya, mwili kuwa fiti na rekodi safi, digrii inakuja kusaidia baadae kwenye vyeo. Ukitaka kuwa mwendesha mashtaka hamna njia ya mkato, ni sheria, na ukimaliza digrii bado kuna mafunzo ya vitendo au mitihani. Kufuatilia wafungwa walioachiwa kwa masharti? Saikolojia, sosholojia au ustawi wa jamii.

Maabara ndo wengi wanapigwa hela. Kozi ina jina tamu la uchunguzi wa jinai lakini mikono haigusi vifaa, wakati maabara nyingi zinataka mtu wa kemia au baiolojia kabisa, kwahiyo kabla ya kulipa ada uliza masaa ya maabara ni mangapi na chuo kimesajiliwa na nani.

Sasa kitu ambacho karibu hakuna anayekifanyia mazoezi: kuandika ripoti. Angalia tukio lolote la dakika tano, kaa nusu saa, alafu andika nani, wapi, saa ngapi, alifanya nini. "Alikuwa amelewa" hayo ni maoni yako, ila "alikuwa anayumba na ananuka pombe" hicho ndo ulichokiona. Mpe rafiki mbishi akuulize maswali kama wakili wa utetezi, utashangaa mashimo yalivyo mengi. Vielelezo, yaani vitu vya ushahidi, navyo hivohivo, kila mkono ulioshika kile kisu au simu lazima uandikwe, na saa yake, pakiwa na pengo moja tu wakili anaingilia hapohapo na kesi inaweza kulegea hata kama mtuhumiwa alifanya kweli.

Kwenye fomu ya kuchunguzwa historia yako usidanganye. Kosa dogo la zamani ukilieleza linaweza kusameheka, uongo ukigundulika umekwisha.

Na kesi nyingi zinasikilizwa wazi na kuingia ni bure, we nenda ukae nyuma, simu umezima, usikilize mpelelezi anavyobanwa maswali kuhusu ripoti yake mwenyewe.