Jinsi ya kuchagua kampuni ya konsoli ya kusimama nayo kwenye maonesho ya gemu

Studio ikishapata gemu inayochezeka, mjadala huanza siku hiyo hiyo: maonesho yajayo tusimame na kampuni gani ya konsoli, yaani mashine za kuchezea gemu: Sony (PlayStation), Microsoft (Xbox) au Nintendo (Switch)? Mara nyingi anayeshinda mjadala ni yule anayetaja jukwaa kubwa zaidi. Kazi yangu ni kupeleka gemu za studio ndogo kwenye maonesho, na ninakushauri uanzie upande mwingine. Anza na mtu asiyekujua, amesimama kwenye banda lenye kelele, kashika padi (kifaa cha mkononi cha kuchezea), nyuma yake foleni. Mashine itakayomwezesha mtu huyo kuielewa gemu yako ndani ya dakika tatu ndiyo itakayokuambia ubishe hodi kwa nani.

Hatua ya 1: Taja unachokitaka

Neno "ushirika" hubeba makubaliano ya aina nyingi, na kila aina ina bei yake. Kuna kupewa nafasi tu: skrini moja na padi mbili ndani ya banda lao. Kuna kupewa sekunde kadhaa, au dakika nzima, kwenye onesho lao la video. Kuna kutangaza pamoja, ambapo gemu inauzwa kwenye konsoli zote lakini matangazo yake yanabeba nembo ya kampuni moja. Halafu kuna upekee: gemu haitoki kwingine kabisa, au haitoki kwingine kwa muda fulani.

Gemu ya Destiny ya mwaka 2014 ni mfano mzuri wa aina ya tatu. Iliuzwa kwenye mashine za Sony na za Microsoft pia, lakini haki ya kuitangaza ilikuwa kwa Sony. Xbox upande wa Uingereza wakabuni tangazo la manukato yenye jina la gemu hiyo, wapate angalau njia ya kuwaambia watu kwamba ipo kwao pia. Hapo unaona haki ya matangazo peke yake ina nguvu kiasi gani.

Andika kwenye karatasi ni aina gani unayoihitaji. Studio ya watu watano yenye gemu ya kwanza kwa kawaida inahitaji nafasi na watu wa kuicheza. Ukikimbilia kutoa upekee, unauza kitu ambacho hujajua thamani yake.

Hatua ya 2: Pima gemu yako kwenye kila mashine

Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na ndiyo ninayoipa muda mrefu kuliko zote.

Chukua kipande kimoja cha gemu, cha dakika kumi hadi kumi na tano, ukiendeshe kwenye kila konsoli uliyonayo. Tafuta watu ambao hawajawahi kuiona. Usiwaeleze kitu. Shika saa na uhesabu sekunde tangu mtu ashike padi mpaka afanye jambo la kwanza kwa makusudi: kuruka shimo, kumpiga adui, kufungua mlango. Andika pia alipokwama na alipotazama pembeni. Fanya hivyo kwa watu angalau kumi kwa kila mashine, kisha linganisha.

Tofauti utakazoziona zinatokana na mashine zenyewe. Skrini ya Switch ya kwanza ina inchi 6.2, na maandishi yanayosomeka vizuri kwenye televisheni hupotea pale. Kwa upande mwingine, Switch ina Joy-Con mbili, yaani padi ndogo zinazochomoka, hivyo watu wawili waliokuja pamoja wanaanza kucheza papo hapo. Kama gemu yako ni ya kucheza bega kwa bega, faida hiyo haina mfano bandani. Padi ya DualSense ya PlayStation 5 ina mtetemo wa kina na vitufe vya nyuma vinavyoweza kukaza unapovibonyeza. Ukumbini sauti humezwa na kelele, lakini mtetemo unausikia mkononi. Niliwahi kuona gemu ya upinde iliyokuwa ikipita bila kuonekana kwenye kompyuta ikashika watu kwenye PS5, kwa sababu walikuwa wakisikia uzi wa upinde ukivutika. Xbox nayo hushirikiana sana na Windows kwenye zana za utengenezaji, na kwa timu ndogo hilo huokoa wiki kadhaa za kuandaa matoleo mawili.

Ukimaliza kupima watu, pima uvumilivu. Acha demo, yaani kile kipande cha gemu cha kuonjesha, iendelee kwa saa tisa mfululizo, ikianza upya kila baada ya dakika kumi, kama itakavyokuwa siku ya maonesho. Kwenye maonesho yangu ya pili demo ilikwenda vizuri asubuhi yote. Saa nane mchana sauti ikaanza kukatika, na dakika chache baadaye skrini ikaganda mbele ya mwandishi wa habari aliyekuwa ameshika padi. Tulikuja kugundua kwamba kila tulipobonyeza "anza upya", picha za chumba cha kwanza zilibaki kwenye kumbukumbu ya mashine. Mara moja haina shida. Mara hamsini inajaza kila nafasi. Tangu hapo demo zetu hujifunga kabisa na kufunguka upya kila mchezaji anapoondoka. Mtihani wa usiku mmoja ungeniambia hayo kabla sijasafiri.

Ukimaliza hatua hii utakuwa na konsoli moja au mbili ambazo gemu yako inajieleza yenyewe. Kampuni za konsoli hizo ndizo za kuzungumza nazo kwanza.

Hatua ya 3: Linganisha maonesho na kampuni

Kampuni haziendi kila mahali, na ramani imebadilika sana. Maonesho ya E3 yalianza Los Angeles mwaka 1995 na kwa miaka mingi ndiyo yaliyokuwa kilele cha mwaka. Nintendo iliacha kufanya mkutano mkubwa wa jukwaani hapo mwaka 2013, ikategemea Nintendo Direct, video za matangazo ilizokuwa imezianzisha mwaka 2011. Sony haikuhudhuria mwaka 2019, mwaka ule ule ilioanzisha State of Play, video zake za aina hiyo hiyo. Desemba 2023 waandaaji walitangaza kwamba E3 imefungwa moja kwa moja. Kwa hiyo siku hizi unapoomba "nafasi kwenye maonesho" huenda unaomba sekunde arobaini ndani ya video, bila banda wala foleni.

Kumbi zilizobaki zina watu tofauti. Gamescom, inayofanyika Cologne tangu 2009, ina eneo la wafanyabiashara na kumbi kubwa za wachezaji. Tokyo Game Show, iliyoanza 1996 na inayofanyika Makuhari Messe, Chiba, ndiko unakokutana na wachezaji wa Japani. PAX, iliyoanza 2004, ni ya wachezaji hasa. GDC ya San Francisco ni ya wasanidi, yaani watengenezaji wa gemu wenyewe, na ni mahali pazuri pa kukaa mezani na watu wa konsoli kuliko pa kutafuta umma.

Chagua ukumbi kwa kuangalia unamtafuta nani, kisha uliza kampuni uliyoipendelea kama itakuwepo na itakuja na nini. Ikiwa haiendi, utapanga banda mwenyewe au uende kwa chaguo lako la pili.

Hatua ya 4: Bisha hodi mapema

Jisajili kama msanidi kwenye kila kampuni unayoifikiria. Microsoft ina ID@Xbox, iliyotangazwa mwaka 2013 kwa ajili ya studio zinazojitegemea. Sony na Nintendo nazo zina milango yao ya usajili. Utasaini mkataba wa usiri. Uheshimu: usimweleze mtu wa kampuni moja kuhusu mashine au mipango ya kampuni nyingine, hata mkiwa mnapiga soga tu.

Peleka vitu vichache: video ya sekunde 90 inayoanza na mchezo wenyewe, toleo linalochezeka, na ukurasa mmoja wenye tarehe unayolenga kutoa gemu na unachokiomba. Ongeza matokeo ya hatua ya 2. Sentensi kama "watu kumi kati ya kumi na wawili walimaliza chumba cha kwanza bila msaada kwenye mashine yenu" humpa msimamizi wako, yaani mtu wa kampuni anayeshughulika na studio yako, kitu cha kwenda kukisema kwenye kikao ambacho wewe hutakuwepo. Anza miezi sita kabla, zaidi ukiweza. Nafasi za maonesho hugawanywa mapema kuliko studio nyingi zinavyodhani.

Hatua ya 5: Uliza maswali ya mtu mzima

Nafasi iko wapi hasa, njiani au kona ya nyuma? Mashine ngapi? Nani anasimama bandani, watu wao au wa kwako? Nani analipia usafiri na mizigo? Je, trela itawekwa kwenye chaneli yao, na gemu ipate nafasi kwenye duka lao siku ya kutoka? Swali hili la mwisho lina uzito kuliko banda, kwa sababu maonesho ni siku chache na duka lipo mwaka mzima.

Jiulize na wewe pia: jukwaa hili ni saizi yangu? No Man's Sky ilitengenezwa na timu ndogo sana, Hello Games, ikapandishwa kwenye jukwaa la Sony la E3 mwaka 2014. Matarajio yalipanda kwa miaka miwili, na ilipotoka Agosti 2016 wachezaji wengi walikasirika kwa kukosa vitu walivyoamini vimeahidiwa. Studio ilibaki na gemu ile, ikaijenga upya kwa masasisho ya bure mwaka baada ya mwaka, na ninawaheshimu sana kwa hilo. Lakini jukwaa kubwa hulikuza kila neno ulilotamka. Kama bado hujui gemu yako itaishia kuwa nini, video fupi ndani ya orodha ya gemu nyingine itakufaa zaidi.

Hatua ya 6: Soma mkataba neno kwa neno

Mtafute mwanasheria anayejua mikataba ya gemu. Hata hivyo usome mwenyewe kwanza, maana wewe ndiye unayeijua ratiba yako.

Chukua kipengele kama hiki: "Msanidi hataonesha wala kutangaza gemu kwenye mashine nyingine yoyote hadi miezi sita baada ya gemu kutoka." Kinaonekana chepesi. Angalia "mashine nyingine yoyote": kompyuta imo? Ukurasa wako wa Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, utakuwa umevunja mkataba? Konsoli ya kizazi kijacho ya kampuni hiyo hiyo imo? Angalia "baada ya gemu kutoka": ukichelewa mwaka mzima, na gemu huchelewa, ukimya wako nao umerefuka mwaka mzima, bila fidia. Omba kiandikwe "au kufikia tarehe fulani, lolote litakalotangulia". Na "hataonesha" inamzuia hata mtu wa timu yako kuweka picha mtandaoni.

Neno la upekee lisemwe wazi kwa wachezaji pia. Rise of the Tomb Raider ilipotangazwa Gamescom mwaka 2014 kuwa ya Xbox pekee, mashabiki walikasirika, kwa sehemu kwa sababu haikueleweka kama ni ya milele au ya muda. Ilikuwa ya muda: ikafika kwenye kompyuta Januari 2016 na PlayStation 4 Oktoba mwaka huo. Cuphead ilionekana na Xbox kwenye E3 ya 2014, ikatoka 2017, ikafika Switch 2019 na PlayStation 4 mwaka 2020. Hesabu miaka hiyo ukiwa unafikiria akiba ya studio yako itakufikisha wapi.

Usisahau mwisho wa trela. Nembo zipi zinaonekana, kwa mpangilio gani, kwa sekunde ngapi? Dai nakala ya trela isiyo na nembo, uitumie ukimya utakapoisha. Na jua kwamba ushirika una tarehe ya kuisha kwa pande zote: Call of Duty ilitembea na Xbox kuanzia 2010, ikahamia kwa PlayStation mwaka 2015.

Hatua ya 7: Andaa banda

Padi ziunganishwe kwa waya. Ukumbi wenye mamia ya padi zisizo na waya huzifanya zipoteze mawasiliano. Beba mashine ya akiba yenye toleo lile lile, na hakikisha kwa maandishi kama utaruhusiwa kutumia mashine ya wasanidi mbele ya umma au ya dukani pekee.

Demo irudi mwanzo yenyewe ikikaa sekunde 60 bila kuguswa. Uliza mapema kuhusu alama za umri: Ujerumani hutumia USK, na Gamescom gemu za watu wazima huoneshwa ndani ya eneo lililofungwa, wageni wakikaguliwa umri. Kuta hizo hubadilisha gharama na idadi ya watu watakaokuona.

Wafundishe wanaosimama bandani jibu moja la swali litakaloulizwa mara mia kwa siku, "itakuja kwenye mashine yangu?" Sisi husema: "Leo tunaionesha kwenye hii. Nyingine hatujatangaza bado. Jiandikishe hapa tukuambie kwanza." Ni kweli, haivunji mkataba, na mtu haondoki akijiona amefukuzwa.

Hatua ya 8: Peleka hesabu

Ndani ya wiki moja mtumie msimamizi wako idadi ya waliocheza, waliomaliza demo, walioiweka gemu kwenye orodha ya matamanio, na mahali walipokwama. Weka na makosa yaliyotokea, pamoja na namna ulivyoyarekebisha. Kisha rudi kwenye matokeo uliyoandika hatua ya 2 uyalinganishe na namba za ukumbini. Kama watu walikwama mlango ule ule waliokwama wale kumi wa mwanzo, rekebisha mlango huo kabla hujaandika barua ya maombi ya mwaka ujao.