Ukiambiwa mbwa wako kamng'ata mtu

Jirani akibisha geti na mtoto analia, kabla hamjabishana kama ni Simba wako au koko wa mtaani, upelekeni kwanza mguu ule bombani: sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Kisha hospitali, chanjo ya kichaa cha mbwa ianze mapema. Kumsaidia si kukiri kosa. Mbwa mfunge, umwangalie siku 10. Usimuue wala kumhamishia shamba (watasema umeficha ushahidi, na kweli utakuwa umeuficha). Akimaliza siku hizo mzima, mate yake hayakuwa na kichaa siku ile. Toa kadi yake ya chanjo. Mkiafikiana gharama, andikishaneni mbele ya mwenyekiti wa mtaa.