Kufuata njia ya mpox kwa kusoma jinomu: kutoka fomu ya mgonjwa hadi mti wa ukoo wa kirusi

Huu mwongozo ni wa mtu ambaye PCR anaijua vizuri, sasa kaletewa MinION (kimashine kinachosoma jinomu, yaani DNA yote ya kirusi) na laptopu, na bosi anataka ajue kirusi kimeingiaje wilayani. Natumia mpox ya kledi Ib kama mfano maana ndiyo iliyotuzunguka huku kwetu. Ilianza kuonekana Kamituga, mji wa wachimba dhahabu Kivu Kusini, Septemba 2023, na ndani ya Julai 2024 Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya zote zikawa zimeshapata wagonjwa wao wa kwanza, halafu tarehe 14 Agosti WHO ikatangaza dharura. Kledi ni tawi kubwa la ukoo wa kirusi: mpox ina I na II, na a na b ni vitawi vyake. Mimi naanza na fomu, watu wengi wanairuka na ndiyo inayoharibu kazi.

Hatua ya 1: Fomu

Vitu vitatu visikosekane: tarehe dalili zilipoanza, tarehe usufi (kijiti cha pamba cha kuchukulia sampuli) ulipochukuliwa, na mgonjwa alikuwa wapi siku 21 kabla ya kuumwa (ndio muda mrefu ambao mpox inaweza kukaa mwilini kimya). Kuna katabia ka kuandika tarehe sampuli ilipofika maabara, sasa kama usufi ulilala kwenye friji ya zahanati wiki mbili ukisubiri gari, mti wako wote unasogea wiki mbili na hakuna programu itakayokushtua.

Mahali nako ni vilevile. Mgonjwa wa kwanza Kenya aligundulika mpakani Taita Taveta, na alikuwa msafiri anatoka Uganda kwenda Rwanda kwa kupitia Kenya. Ukijaza "Taita Taveta" peke yake, kompyuta inaamini kirusi ni mkazi wa pale. Kwa hiyo weka safu mbili, moja ya alipopimwa, nyingine ya alikotoka, na kama hujui acha wazi, usibuni.

Jina la mgonjwa lisiingie kwenye faili, tumia namba tu. Hata umri, kazi na kijiji vikikaa mstari mmoja, kwenye mji mdogo mtu anajulikana kesho yake asubuhi, na ugonjwa ambao kule Kamituga ulisambaa sana kwa njia ya ngono unaweza kumvunjia mtu ndoa kwa sababu ya Excel yako.

Hatua ya 2: Sampuli na PCR

Usufi wa kidonda, sugua haswa, au chukua gamba lenyewe. Damu achana nayo kwa kazi hii, kirusi humo ni kidogo. Angalia Ct (mizunguko ya PCR hadi kirusi kionekane, ikiwa ndogo kirusi ni kingi): chini ya 25 ni raha, 25 hadi 30 inawezekana, juu ya 30 mimi sihangaiki nayo labda kama ndiye mgonjwa pekee kutoka eneo hilo.

Ukipata sampuli ambayo kipimo cha jumla cha mpox kinasema ndiyo halafu kipimo cha kutofautisha kledi I kinasema hapana, usiitupe! Kipimo kilichokuwa kikitumika kutambua kledi I kilikuwa kinatafuta jeni ya C3L, na kirusi cha Kamituga kilikuwa kimepoteza kipande hicho. Yaani kipimo hakikosei, kinachotafutwa ndio hakipo. Sampuli ya namna hiyo iweke mbele ya foleni.

Hatua ya 3: Kuandaa na kusoma

Jinomu ya mpox ni DNA yenye herufi (A, C, G na T) kama 197,000, corona ilikuwa na kama 30,000 tu, kwa hiyo ukisoma kila kitu kilichomo kwenye usufi bila kuchagua utajaza diski na DNA ya binadamu. Tumia praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) zinazonakili jinomu vipande vipande vinavyopishana kidogo, mwisho wa kimoja ukiwa mwanzo wa kingine. ARTIC (mtandao wa wanasayansi wa kusoma jinomu) na INRB ya Kinshasa (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) wana seti ya vipande vya kama herufi 2,500, inafaa Nanopore, teknolojia ya MinION. Praima zinagawanywa mirija miwili, vipande jirani visikae mrija mmoja, la sivyo PCR itakimbilia kutengeneza kale kakipande kafupi kanakopishana.

Halafu bakodi (kipande cha DNA cha kuitambulisha) kwa kila sampuli, na maji matupu ya kunasa uchafu. Maji yapite kila hatua kuanzia uchimbaji wa DNA, yakiwa na bakodi yake kama mgonjwa mwingine yeyote. Mwisho maji yakileta usomaji (vipande vya DNA vilivyosomwa) mwingi wa mpox, simama hapohapo, hiyo run yote ni ya kurudia.

Hatua ya 4: Kompyuta

Rifarensi (jinomu ya kulinganishia) kwanza. Kwa kledi I wengi tunatumia NC_003310.1, ni kirusi cha Zaire (Congo ya leo) cha mwaka 1996. Usichukue NC_063383.1, hiyo ni ya kledi II. Tuseme sampuli yetu ni s07:

minimap2 -ax map-ont rifarensi.fasta s07.fastq.gz | samtools sort -o s07.bam
samtools ampliconclip --both-ends -b praima.bed s07.bam | samtools sort -o s07_safi.bam
samtools index s07_safi.bam
samtools depth -a s07_safi.bam > s07_kina.txt

Mstari wa kwanza unapanga usomaji juu ya rifarensi, wa mwisho unahesabu kila herufi imesomwa mara ngapi (ndiyo kina). Mstari wa pili unaondoa praima, kwa sababu herufi za praima ni zetu tulizonunua, sio za mgonjwa. Hakikisha praima.bed imeandikwa kwa rifarensi hiyohiyo, la sivyo unakata mahali pasipohusika. Baada ya hapo programu ya Clair3 itafute mabadiliko, na bcftools consensus itoe jinomu.

Sasa hapa tulia. Sehemu yoyote iliyosomwa chini ya mara 20 ifunikwe kwa herufi N, kwa kumpa bcftools faili la maski (orodha ya sehemu za kufunika). Usipofanya hivyo anajaza pengo na herufi za rifarensi, yaani mgonjwa wa juzi wa Bukavu anapata vipande vya Zaire ya 1996, na kwenye mti ataonekana hajabadilika kabisa, utakaa unatafuta maelezo ya kitu ambacho hakipo. Jinomu yenye N nyingi haina aibu yoyote. Yenye herufi za kuazima ndiyo hatari.

Ukiona kina kimeshuka hadi sifuri pale kwenye C3L fungua IGV (programu ya kuonyesha usomaji) uangalie kwa macho, kama kuna usomaji unaoruka pengo pande zote mbili basi kipande kimepotea kweli, kama hakuna hata mmoja huenda praima zimegoma tu.

Hatua ya 5: Alama ya mwili wa binadamu

Hii ndiyo napenda kuliko zote. Seli zetu zina vimeng'enya vinaitwa APOBEC3, kazi yao kuharibu virusi kwa kugeuza C, na kwa mpox hasa C inayotanguliwa na T. Kwa hiyo TC inakuwa TT. Ikitokea kwenye uzi wa pili, sisi tunaona GA imekuwa AA. Angalia:

rifarensi: ATTCGATG
mgonjwa A: ATTTGATG
mgonjwa B: ATTCAATG

A ana TC kuwa TT, B ana GA kuwa AA, zote ni alama ileile. Chukua mabadiliko yote yanayotenganisha sampuli zako na jamaa zao wa karibu, hesabu mangapi ni ya aina hii. Yakiwa ndiyo mengi, kirusi kimekuwa kikipita mtu kwa mtu, na ndicho kilichoonekana Kamituga. Yakiwa machache, halafu sampuli zinatofautiana sana zenyewe kwa zenyewe, unaangalia watu waliopata kila mmoja kivyake kutoka kwa wanyama wa porini, kama ilivyozoeleka kledi Ia vijijini Congo. Ila usikariri kwamba Ia ni ya porini tu, Kinshasa 2024 Ia nayo ilikutwa na alama hizi.

Hatua ya 6: Mti

Pakua jinomu za majirani kutoka Pathoplexus au GenBank, hazina za jinomu mtandaoni. Programu ya Squirrel inapanga, inafunika sehemu korofi, na inaweza kukuonyesha alama za APOBEC3 kwenye matawi. Zile ncha mbili za jinomu zinajirudia, zisihesabiwe mara mbili. Ukitaka mti wenye bootstrap (namba za kuonyesha kila tawi lina uhakika kiasi gani):

iqtree2 -s zimepangwa.fasta -m HKY -B 1000

Kusoma mti ndio watu wanajiachia mno. Kwa kledi IIb, mabadiliko ya APOBEC3 yalikadiriwa kama sita kwa mwaka, sawa na moja kila miezi miwili. Mtu na mtu wameambukizana ndani ya wiki mbili, jinomu zao mara nyingi zitafanana herufi kwa herufi. Kwa hiyo swali la bosi "nani kampa nani" mti haulijibu, wala usikubali kulazimishwa. Ukiona jinomu mbili zimeachana kwa mabadiliko kumi unaweza kusema kwa ujasiri hawa hawakuambukizana moja kwa moja, na hilo peke yake linaokoa timu ya ufuatiliaji siku nyingi za kuzunguka.

Pia angalia nani kapimwa. Mji wenye lami na friji unaleta sampuli nyingi, matawi yake yanajaa, na programu itaona kila kitu kimetokea huko. Punguza sampuli za mji huo kwa bahati nasibu, jenga mti tena, kama jibu linabadilika basi hukuwa na jibu.

Hatua ya 7: Ripoti

Ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida. Mimi naandika hivi: "Sampuli zinaingia kwenye matawi mawili tofauti, kwa hiyo kirusi kimeingia wilayani si chini ya mara mbili. Tawi la kwanza linakaribiana na sampuli za mji fulani." Huwa siandiki "kimetoka mji fulani" kama miji ya katikati haijapimwa, kwa sababu kesho gazeti litaandika hivyohivyo na madereva wa njia hiyo ndio watabeba lawama.

Kabla ya kupandisha jinomu mtandaoni, faili ghafi toa usomaji wa DNA ya binadamu, kwenye metadata (maelezo ya sampuli) bakiza mwezi na mkoa tu kama kijiji ni kidogo, na mpelekee afisa ufuatiliaji nakala kwanza. Asijue kutoka X (zamani Twitter).