Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulenga Shabaha kwa Bastola katika Umbali Mbalimbali

Mmiliki halali wa bastola anapojiandaa kwenda uwanja wa shabaha, mara nyingi maandalizi yake huishia kwenye silaha yenyewe na idadi ya risasi, huku suala la umbali likiachwa liamuliwe papo hapo na nafasi iliyo wazi siku hiyo. Hilo ni kosa la msingi. Kila umbali humpima mlengaji kwa namna yake: mita 5 hupima mshiko na kidole, mita 10 hupima uwezo wa kulinganisha vilengeo (alama mbili za kulengea zilizo juu ya bastola), na mita 25 hupima kama hayo mawili yanaweza kudumishwa bila kuyumba kwa sekunde kadhaa. Asiyejua anakwenda kupima nini atafyatua risasi zote na kurudi nyumbani bila jibu lolote, tena akiwa amezoea makosa yake.

Jambo la kwanza ni uhalali. Nchini Kenya umiliki wa silaha unaongozwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na mwombaji hupata cheti chake kutoka Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Nchini Tanzania upo udhibiti wa Sheria ya Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ni vyema kuthibitisha kwamba cheti hakijaisha muda, kwamba namba iliyoandikwa humo ni ile ile iliyochongwa kwenye bastola, na kwamba uwanja unaokwenda umeidhinishwa. Safirisha bastola ikiwa tupu, ndani ya sanduku lililofungwa kwa ufunguo, risasi zikiwa mahali pengine. Wenye ndugu ughaibuni wasidhani kwamba ruhusa ya nchi moja huvuka mpaka: Uingereza, kwa mfano, ilipiga marufuku takriban bastola zote za baruti kwa raia mwaka 1997, baada ya mauaji ya watoto katika shule ya Dunblane mwaka uliotangulia.

Naomba pia nisisitize kwamba shamba la kijijini si uwanja wa shabaha, hata kama ni la ekari nyingi na halina nyumba inayoonekana. Risasi ya milimita 9 ikikosa kizuizi inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja, na huko mbele kuna wachungaji, watoto wanaotoka shuleni na watu waliokwenda kuchota maji. Kinachofanya uwanja uwe uwanja ni lile tuta la udongo lililo nyuma ya shabaha, pamoja na msimamizi mwenye mamlaka ya kusimamisha kila kitu kwa neno moja.

Tuta hilo ndilo linalonifanya niende polepole kidogo katika sehemu hii, kwa sababu kubadilisha umbali hubadilisha pia mahali risasi inapoishia, na watu wengi hawalifikirii jambo hilo hata kidogo. Chukulia kwamba tuta liko mita 25 kutoka kwenye mstari wa kufyatulia na kwamba mtutu wako uko kimo cha mita 1.5 kutoka ardhini. Ukiweka shabaha mita 5 mbele yako, kitovu chake kikiwa juu ya kimo cha mtutu kwa sentimita 30 tu, mstari wa risasi utapanda sentimita 30 kwa kila mita 5, na utakapofika kwenye tuta utakuwa kimo cha mita 3. Tuta likiwa fupi, risasi imetoka nje ya uwanja. Kinyume chake, ukishusha kitovu cha shabaha hiyo hadi mita 1 kutoka ardhini, mstari utagusa ardhi mita 15 mbele yako, na risasi inayogonga ardhi kavu yenye changarawe haina adabu ya kukaa pale ilipoangukia. Inaweza kuruka kuelekea upande usiotarajiwa. Kwa hiyo shabaha ya karibu iwekwe kimo sawa na mtutu, na kabla ya kuanza simama mahali pako, bila bastola mkononi, uangalie kwa macho mstari unaopita katikati ya shabaha unaishia wapi. Ikiwa hauishii katikati ya tuta, hamisha shabaha.

Wakiwa watu wawili au zaidi, sharti ni moja: zisogezwe shabaha, wasisogee watu. Mmoja akitaka mita 7 na mwenzake mita 25, wote wasimame kwenye mstari mmoja na shabaha zao ndizo zipishane. Mlengaji akisogea mbele ili ajipatie umbali mfupi, amejiweka mbele ya mitutu ya wenzake, na hakuna ustadi unaofidia hatari hiyo. Shabaha za chuma nazo zina kanuni yake. Vipande vya risasi hurudi nyuma kwa kasi, hivyo zisifyatuliwe kutoka umbali usiofikia mita 10, na chuma kiwe kigumu, kisicho na mashimo wala mikunjo. Kwa umbali mfupi karatasi inatosha.

Sasa tuje kwenye hesabu ambayo, kwa maoni yangu, kila mlengaji angepaswa kuijua kabla hajanunua risasi za ziada. Bastola ya kawaida ina kilengeo cha mbele na kilengeo cha nyuma, na nafasi kati yao ni kama sentimita 16. Kilengeo cha mbele kikihama milimita moja tu kutoka katikati ya mfuo wa kilengeo cha nyuma, risasi itakosea kwa sentimita 3 hivi ikiwa shabaha iko mita 5, kwa sentimita 6 ikiwa iko mita 10, na kwa takriban sentimita 16 ikiwa iko mita 25. Milimita moja ile ile! Linganisha na mvuto wa ardhi: risasi inayotoka kwa kasi ya mita 350 kwa sekunde hushuka kama sentimita mbili na nusu tu ifikapo mita 25, na mita 5 kushuka huko ni kama milimita moja. Hivyo anayelenga juu ya shabaha kwa madai kwamba mita 25 ni mbali anarekebisha kitu kisichohitaji kurekebishwa, wakati tatizo liko kwenye kidole kinachovuta kifyatulio kwa pupa na kuusukuma mtutu pembeni.

Kutokana na hesabu hiyo, macho nayo yahitaji maandalizi. Jicho haliwezi kuona kilengeo cha nyuma, kilengeo cha mbele na shabaha vyote kwa ukali mmoja. Kilengeo cha mbele ndicho kinachopaswa kuonekana wazi, na shabaha iachwe iwe na ukungu kidogo. Kadiri shabaha inavyokwenda mbali ndivyo kishawishi cha kuitazama yenyewe kinavyoongezeka. Mtu aliyevuka miaka 40, ambaye tayari anasogeza gazeti mbali ili alisome, amweleze daktari wa macho kwamba anahitaji kuona wazi kitu kilicho kwenye urefu wa mkono wake, kwani miwani ya kusomea na miwani ya kuonea mbali zote mbili huenda zisimfae.

Andaa karatasi za shabaha nyumbani, kila moja ikiwa na duara linalolingana na umbali wake. Duara la sentimita 20 katika mita 25 ni sawa, kwa pembe, na duara la sentimita 8 katika mita 10 na la sentimita 4 katika mita 5. Mtu akitumia karatasi moja kubwa kwa umbali wote, mita 5 itamsifu bure na mita 25 itamvunja moyo. Akipunguza duara, mita 5 huwa mtihani wa kweli, na hata mwenye uwanja mfupi anaweza kujifunza mengi. Asiyeamini kwamba umbali mfupi unaweza kuwa mgumu atazame vipimo vya mashindano ya kimataifa: duara la alama 10 kwa bastola ya upepo, katika mita 10, lina kipenyo cha milimita 11.5, wakati duara la alama 10 la bastola katika mita 25, kwa raundi ya kulenga kwa utulivu, lina milimita 50. Ukipiga hesabu ya pembe, lile la mita 10 ndilo jembamba zaidi. Mchezo wa bastola wa mita 50 uliondolewa katika Olimpiki baada ya Rio mwaka 2016, na mwenye bastola ya kawaida hana sababu ya kuukimbilia umbali huo.

Idadi ya risasi igawanywe kabla ya kuondoka. Kwa mtu mwenye risasi 50, ningependekeza 10 zitumike katika mita 5, 25 katika mita 10 na 15 katika mita 25, zote zikifyatuliwa kwa mafungu ya tano tano na mapumziko kati yake. Nimeipa mita 10 sehemu kubwa kwa makusudi: ni mbali kiasi cha kufichua kosa, na ni karibu kiasi cha mlengaji kuona kosa hilo limetoka wapi. Ahamie umbali unaofuata ikiwa mafungu mawili mfululizo yameingia yote ndani ya duara. Yasipoingia, abaki hapo hapo, na risasi za mita 25 zirudi nyumbani. Hakuna fedheha yoyote katika jambo hilo. Siku za kabla, kufyatua bastola tupu nyumbani husaidia kuliko wengi wanavyodhani, mradi silaha imehakikiwa kwamba haina kitu kwenye chemba (tundu ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa) wala kwenye magazini (kibweta cha risasi), hakuna risasi hata moja ndani ya chumba hicho, na mwongozo wa bastola unaruhusu. Bastola nyingi za risasi ndogo za .22 (kipenyo cha inchi 0.22) huweza kuharibika zikifyatuliwa tupu.

Masikio hayana mbadala. Mlio wa bastola hupita desibeli 140, kiwango ambacho hata mlio mmoja unaweza kuacha madhara ya kudumu, na ndani ya uwanja wenye paa ni bora kuvaa vizibo vya ndani pamoja na vifuniko vya nje. Wapo wanaotaja picha ya Mturuki Yusuf Dikeç iliyosambaa wakati wa Olimpiki ya Paris mwaka 2024, alipopata medali ya fedha pamoja na Şevval İlayda Tarhan, wakisema kwamba hakuvaa kinga yoyote. Dikeç alikuwa na vizibo masikioni, na silaha yake ilikuwa bastola ya upepo, isiyotumia baruti. Miwani ya kukinga macho izibe pia pembeni, na kofia yenye ukingo huzuia ganda la risasi, ambalo huwa la moto, lisidondokee nyuma ya miwani. Shingo ya nguo iwe imefungwa, viatu viwe vya kufunika vidole, na mwenye ushungi au kilemba afunge ncha zake zisining'inie karibu na mikono.

Moshi wa risasi hubeba vumbi la ledi, madini yenye sumu, ambalo hujilimbikiza mwilini. Beba sabuni, nawa mikono na uso kwa maji baridi kabla ya kula au kuvuta sigara, na nguo za mazoezi zifuliwe peke yake. Mjamzito asiende, na watoto wadogo wasikumbatiwe kabla ya kubadili nguo.

Kuna hali mbili za hitilafu ambazo lazima ziwe kichwani kabla ya kupakia risasi ya kwanza. Ukivuta kifyatulio na risasi isilipuke, shikilia mtutu ukielekea kwenye tuta kwa sekunde 30, kwani inaweza kuchelewa tu, kisha ndipo uiondoe. Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, acha mara moja na umwite msimamizi: yawezekana risasi imekwama ndani ya mtutu, na nyingine ikiifuata mtutu unaweza kupasuka mkononi. Hakikisha ukubwa wa risasi ulioandikwa kwenye boksi ni ule ule ulioandikwa kwenye mtutu. Uwe na sanduku la huduma ya kwanza lenye mkanda wa kubana damu ambao umekwisha jifunza kuutumia, na ujue njia ya kwenda hospitali iliyo karibu. Aliyekunywa pombe, aliyemeza dawa za kusinzisha au aliyetoka kwenye ugomvi aahirishe safari.

Mwisho, chukua daftari. Kwa kila fungu andika umbali, idadi, upana wa eneo la matundu kwa sentimita na upande yalikoelekea, pamoja na hali ya mwanga, maana jua la mchana likipiga kilengeo upande mmoja huonekana kama kimehama. Kabla ya kuondoka toa magazini, fungua chemba, msimamizi aikague kwa macho yake na kwa kidole, kisha uhesabu risasi zilizobaki na kuziandika kwenye ukurasa huo huo, ili hesabu ilingane na ile ya asubuhi.